Chungu chenye Akiba ya Mshono

Watu husema mimi sina subira. Wanaosema hivyo ni watu wenye nafasi ya kukaa na kunichunguza, na nikiwataka wathibitishe, hukumbuka ghafla kwamba wana safari. Subira ninayo. Niliinunua Jumamosi moja asubuhi, ikiwa ndani ya chungu kifupi cha buluu, kwa muuza miche anayepanga bidhaa zake kwenye ngazi za posta.

Mimi ni fundi cherehani. Mwenye karakana ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na mle ndani tuko watatu: yeye anakata, sisi wawili tunashona. Mwenzangu jina lake la kuzaliwa wateja walishalisahau. Wanamwita Kesho, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ambayo nguo yako itakuwa tayari. Mimi wananiita Pasi. Walidhani wananitukana, nikalipokea kama cheo. Pasi ya baridi haijawahi kunyoosha suruali ya mtu.

Asiye fundi huenda asijue kwamba katika kazi yetu kushona ni kufuata. Anayeamua ni mkataji. Shangazi ana mkasi mmoja mzito wa chuma, wenye mpini mweusi uliolika mahali pa dole gumba, na mkasi ule una msumari wake ukutani ambapo hakuna kingine kinachotundikwa. Miaka mitano nimeshona zipu na kugeuza kola huku jicho langu likiwa kwenye msumari ule. Mwaka huu kifundo cha mkono wa Shangazi kilianza kuvimba. Akikata vipande vitatu, anaweka mkasi chini na kujikanda.

Siku aliyokuja bwana mmoja na kitambaa cha suti ya harusi yake, buluu ya wino, kizuri hata kukitazama bila kunawa mikono ni dhambi, Shangazi alikikunjua, akakipapasa, akakikunja tena.

"Harusi lini?"

"Wiki kumi na moja, mama."

"Hii sitaikata mimi. Hawa wawili unawaona? Mmoja wao ataikata, na atakayeikata ndiye nitakayemwachia mkasi. Bado sijajua ni yupi."

Bwana Harusi alitutazama kama mtu anayeonyeshwa viazi viwili, vyote vimeota.

"Shangazi," nikasema, "nipe nianze sasa hivi."

"Unamsikia?" Shangazi alimwambia yule bwana. "Huyu mkono anao, jicho analo. Subira hana."

"Na huyu mwingine?"

"Huyu anayo mpaka inamwagika."

Kesho akacheka. Hata kicheko chake kilifika sisi tumeshaanza mazungumzo mengine.

Ndiyo maana Jumamosi nikaenda posta. Mteja wetu mmoja, daktari wa meno, aliwahi kuniambia kwamba watu wanaofuga bonsai, ile miti inayodumazwa ndani ya chungu, hujulikana kwa utulivu wao. Nikaona badala ya kutulia miaka kumi, afadhali niununue mti uliokwisha kutulia.

"Huu ni mti gani?" nikamuuliza muuza miche.

"Ndugu yake mkuyu. Ila huyu amefundishwa adabu ya kukaa ndani."

"Una umri gani?"

"Kama wako. Amekuzidi utulivu tu."

Ulikuwa na shina nene lililojipinda kama mtu anayefunga kamba za viatu, na majani madogo yanayong'aa. Muuza miche alinieleza mambo mengi kuhusu maji, mwanga na mizizi. Mimi nilikuwa nabishana naye bei, na mtu anayebishana bei husikia namba tu. "Nimekuelewa," nikasema, ili amalize.

Nikauweka dirishani, kati ya sanamu la nguo na makopo ya vifungo.

"Nini hiyo?" Kesho akauliza.

"Subira."

"Inaliwa?"

Siku ya tatu jani moja lilianguka juu ya meza ya kupigia pasi. Ijumaa nikaokota saba. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mjini hakuna mtu asiyejua bonsai. Mtu hajui kipimo cha kiuno chake mwenyewe, lakini mti wako anaujua. Mmoja alisema unataka jua, mwingine akasema jua ndilo linaloumaliza. Dada mmoja aliyeleta gauni la kupunguzwa alisema chungu kinaubana, na kwamba yeye angekuwa ni mti angeshaondoka zamani. Mwalimu mstaafu aliyefuata suruali yake alisema haraka haraka haina baraka. Mkewe akamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Wakatoka wakigombana, na suruali wakaiacha.

Nilipouinua mti na kuchungulia chini, nikauona mzizi mmoja umetokeza kwenye tundu la maji, kama kidole kinachochungulia kwenye soksi. Kwangu kesi ilikwisha hapo. Nguo inabana.

Nikachukua futi na daftari la vipimo. Nikaandika: *Mteja: Mti. Urefu: inchi kumi na moja. Kiuno: inchi nne. Bega la kushoto limezidi la kulia.* Kila asubuhi nikapima upya. Kesho alilisoma lile daftari kwa sauti mbele ya wateja.

"Miguu hujapima," akasema.

"Miguu iko ndani ya chungu."

"Sasa unamkatiaje mtu nguo, na miguu yake hujaiona?"

Lilikuwa swali zuri. Kwa kuwa lilitoka kwa Kesho, nikaliacha lipite.

Shangazi alikuwa akisikiliza huku anachomoa pini kwenye bega la koti. "Kwa hiyo unauhamisha lini?"

"Wakati wake ukifika, Shangazi. Siku yenyewe naijua."

"Unaijua?"

"Kama ninavyojua jina langu."

"Lipi? La baba yako au hili la Pasi?" Akachoma pini kwenye kimto chake. "Haya. Anayejua siku ya kuhamisha mti, huenda akajua na siku ya kukata kitambaa. Nitaangalia hapo hapo dirishani."

"Mimi kwa maoni yangu," Kesho akasema, "kesho."

Basi suti ya bwana harusi ikawa inaning'inia kwenye matawi ya mti ule, na mkasi juu yake.

Nilikwenda kutafuta chungu kipya, na nikakitafuta kifundi. Sare ya mtoto wa shule hukatwa na akiba ya mshono, ili mtoto akinenepa uachie, na pindo refu ili akirefuka ushushe. Sijaona mzazi aliyerudisha sare kwa kuwa ina nafasi. Nikachukua chungu chenye akiba ya vidole vinne kila upande. Ndani yake ungeweza kumwogesha paka.

Jumapili karakana hufungwa, na ufunguo ninao. Nikatandika magazeti juu ya meza, nikaushika mti shingoni, nikauvuta. Nilitarajia mizizi iliyojisokota kama uzi uliokwama kwenye bobini. Udongo ukamwagika wote kama unga. Mizizi ilikuwa michache, mifupi, na ncha zake zilikuwa zimekatwa sawasawa, kana kwamba kuna mtu aliyekwisha kupita hapo muda si mrefu. Ule uliochungulia tundu ndio pekee uliokuwa mrefu.

Mwenye macho angeurudisha. Macho ninayo. Lakini chungu kipya kilikuwa kimeshajazwa udongo, mikono yangu imeshachafuka, na mwanamume akishaamua Jumamosi hawezi kuonekana Jumapili anafikiri.

Nikasema nipunguze tu ule mrefu, ulingane na wenzake. Mkasi wangu mdogo nilikuwa nimeuacha nyumbani. Wa Kesho ulikuwa ndani ya droo yake, na droo ina kufuli. Nikainua macho, nikauona msumari.

Mkasi wa Shangazi hukata kitambaa. Haukati karatasi, haukati utepe, haukati hata lebo. Mwaka mmoja Kesho aliukatia bahasha, na kwa mwezi mzima Shangazi alizungumza naye kupitia kwangu, hali wamekaa meza moja.

Mzizi mmoja tu, nikasema. Nikakata. Kisha nikaona wa upande wa pili umekuwa mrefu kuliko ule niliopunguza. Kila fundi anaijua njia hii na inakofikia: unapunguza mguu wa kulia wa suruali, unakuta wa kushoto umezidi, unapunguza wa kushoto, unarudi wa kulia. Nilipoacha, miguu yote ilikuwa sawa, na mti ulikuwa hauna miguu. Kila nilipokata palitoka maziwa meupe. Nikaufuta mkasi kwa kitambaa, nikautundika. Nikaupanda mti katikati ya bwawa lake jipya, nikaumwagia ndoo ya maji, nikaenda zangu kifua mbele.

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kitambaa cha mtu, Shangazi hukata kwanza kipande cha taka, asikie mkasi umeamkaje. Jumatatu aliutia vidole, haukufunguka. Akauvuta kwa mikono miwili, ukaachana kwa sauti kama plasta inayobanduliwa. Akakata kipande cha taka cheusi, kikatoka kimetafunwa, na mstari wa kijivu unaonata ukingoni. Akaunusa. Akageuka akatazama dirishani, mahali palipokuwa na chungu cha buluu Jumamosi.

"Nani?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kesho alikuwa na haraka. "Si mimi."

"Ni mimi, Shangazi," nikasema. Wengine wanaweza kuniita mwongo, lakini si yeye.

"Umekata nini?"

"Mizizi."

"Mingapi?"

"Nilianza na mmoja."

Akafumba macho. "Ukasawazisha."

"Nikasawazisha."

Alinituma kwa mnoaji na mkasi umefungwa kwenye flaneli kama mgonjwa. Niliporudi nao, aliupitisha mbele yangu akamkabidhi Kesho.

"Suti ya bwana harusi utakata wewe. Na wewe," akaniambia bila kunitazama, "vifungo."

Jumatano mti haukuwa na jani hata moja. Nikaubeba, chungu na vyote, mpaka posta. Muuza miche alituona kwa mbali, akaweka chini kikombe chake.

"Umeuhamisha."

"Ulikuwa unabanwa."

"Ulikuwa unabanwa na nini? Niliuhamisha mwenyewe wiki tatu kabla hujaununua. Nilikwambia. Nilikwambia ukae mwaka mzima, pengine miwili, mpaka mizizi izunguke chungu na maji yaanze kuchelewa kupita. Mara mbili nilikwambia. Mara ya pili ukasema umenielewa."

"Na majani yaliyokuwa yanaanguka?"

"Wewe mara ya mwisho kuhama nyumba ni lini?"

"Mwaka juzi."

"Wiki ya kwanza ulilala vizuri?"

Nililala jikoni wiki ile, kwa sababu ya panya wa chumbani.

"Na hiki ni nini?" Akagonga chungu changu. "Umeuchimbia kisima? Maji yote haya anakunywa nani, na midomo umeikata?" Akautoa, akaunusa chini, akapangusa tope. "Urudishe kwenye chungu chake. Maji kidogo, udongo wa juu ukikauka. Kisha uondoe mikono."

"Niutie mbolea?"

"Ondoa mikono."

"Nikiusogeza kidogo karibu na jua?"

"Bwana fundi, nyumbani kwenu mikono inaondolewaje? Nionyeshe, nijue napotea wapi."

Nikaurudisha dirishani, ndani ya chungu chake cha buluu, uchi kama mfupa wa samaki. Nikakaa kwenye vifungo. Wateja walionionea huruma walinishauri niutupe. Wasionionea huruma walinishauri niutundikie nguo. Sikuugusa. Sitadanganya kwamba ilikuwa subira. Ilikuwa aibu. Lakini mti haujui tofauti. Siku moja nilikuta kidole changu kimeshafika kwenye udongo wake, kinataka kuchimba kidogo tu kione kama kuna kinachoendelea. Nikakirudisha, na mkono wote nikaukalia.

Wakati huo Kesho alikuwa mkataji. Alikitandaza kitambaa cha bwana harusi juu ya meza, akakitazama kutoka kila upande wa chumba. Akapiga mstari wa chaki, akarudi nyuma, akaufuta. Alipouona mstari haupo, akaridhika kwamba siku haikupotea. Bwana Harusi alikuja akaambiwa kesho. Akaja kesho, akaambiwa kesho. Alikuwa amekuja kwetu mara ya kwanza na mashavu. Kila alipokuja yalikuwa yamepungua.

"Mbona hukati?" nikamuuliza Kesho, jioni moja tunafunga.

"Kitambaa hakijaniambia."

"Kikuambie nini?"

"Pasi, ndugu yangu, wewe uliambiwa na mzizi. Uliambiwa vizuri?"

Wiki ya tano tangu niurudishe mti chunguni, Alhamisi, nilifungua dirisha asubuhi nikaona kwenye tawi la juu kitu kama ncha ya sindano, chekundu kidogo. Ijumaa ilikuwa imefunguka nusu. Lilikuwa jani, dogo kama kifungo cha shati la mtoto.

Wanaonijua wangeapa kwamba nilipiga kelele mpaka posta. Nilifungua kinywa, kweli. Kisha nikamwona Kesho anavyonitazama, nikajua atasema ni mdudu. Nikafunga kinywa. Nikashona vifungo vyangu Ijumaa yote na Jumamosi yote nikiwa na habari kubwa kifuani, na vifungo vile havitang'oka mpaka mwenye shati azeeke.

Jumatatu Shangazi alikuwa anapindua kola, uso chini.

"Yako mangapi sasa?" akauliza.

"Nini, Shangazi?"

"Usinifanye mtoto."

"Matatu."

"Manne. Moja liko nyuma, upande wa kioo."

"Umeyaona lini?"

"Kabla yako. Na nimekuwa nikingoja nisikie kelele."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bwana Harusi, au kilichobaki kwake.

"Mama," alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kulia nyumbani, "nimefuata kitambaa changu. Zimebaki siku kumi na tisa. Nitaoa na shati."

Kitambaa kilikuwa mezani, kizima kama kilivyotoka dukani, kimejaa vumbi la chaki.

"Nilikuwa ndiyo nataka kuanza," Kesho akasema, "hii—"

"Kesho," tukasema sote watatu.

Shangazi akainuka. Akauchukua mkasi mbele ya Kesho, akaja akauweka mbele yangu, akaondoa kopo la vifungo.

"Kata."

Miaka mitano nilikuwa nimelingoja neno lile. Mkono wangu ulitoka wenyewe, vidole vikaingia kwenye mpini, dole gumba likakaa mahali palipolika kana kwamba lilizaliwa hapo. Kipimo cha Bwana Harusi kilikuwa kwenye daftari, ukurasa ulio nyuma ya ule wa mti. Nikautazama ukurasa wa mti. Kisha nikamtazama yeye, suruali yake imekunjamana chini ya mkanda.

Nikauweka mkasi chini.

"Sogea hapa, bwana. Nikupime upya."

"Nilishapimwa."

"Ulipimwa ukiwa na raha."

Nikampima. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi mbili, kifua inchi moja na nusu. Mabega yalikuwa palepale, kwa kuwa mifupa haina wasiwasi. Kama ningekata siku ile ya kwanza niliyoomba mkasi, angeingia harusini amevaa pazia.

Kesho alinyoosha shingo akasoma namba. Kisha, taratibu, uso wake ukajaa heshima kubwa kwa nafsi yake.

"Mnaona?" akasema. "Ndiyo maana sikukata."

Shangazi alicheka mpaka akaushika mkono wake mbovu kwa maumivu, na Bwana Harusi, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kucheka, akamfuata.

Nikachukua kipande cha taka, nikakikata kwanza. Mkasi ulikuwa umeamka vizuri. Kisha nikakata.

Alioa amevaa suti, nayo ilimkaa. Mkasi sasa ni wangu, na msumari pia. Kesho anawaambia wateja kwamba suti ile ni kazi yake, na kwamba kilichobaki kufanywa na mimi kilikuwa cha mikono tu. Chungu kikubwa anawekea mwavuli.

Mti uko dirishani, kwenye chungu chake cha buluu, umejaa majani. Wateja bado wananiuliza nitauhamisha lini, na bado wana ushauri. Nawajibu kwamba maji yakianza kuchelewa kupita nitajua, pengine mwakani, pengine mwaka utakaofuata, na wao wasubiri nje. Siku hizi hakuna mtu mtaa huu anayenishinda kwa subira. Anayebisha na aje tushindane. Ila asichelewe, nimeshachoka kumngoja.